Mwiba Usiokuwapo

Jadalla Musaad hakuwa daktari, na hakupenda kuitwa daktari. Mwuguzi mgeni akimwita hivyo kwa adabu, alimjibu bila kuinua uso kutoka kwenye rangi zake: "Madaktari wako sokoni, mwanangu, wanatafuta mtandao. Mimi napaka vioo rangi."

Chumba chake kilikuwa nyuma ya wadi ya wanawake, katika hospitali moja ya mji wa Wad Madani, jirani na mitungi ya maji waliyowekewa wapita njia. Waingereza waliijenga hospitali ile kwa matofali mekundu. Waliokuja baada yao hawakujenga kitu. Waliyapaka matofali chokaa, wakaning'iniza ubao wenye jina la waziri, na waziri alipobadilika wakabadilisha ubao.

Kazi ya chumba ilikuwa ndogo kwa kuitazama. Mtu alikuja na uvimbe shingoni, titini, mgongoni au mguuni. Sindano nyembamba, nyembamba kuliko ile ya kutolea damu, iliingizwa katika uvimbe, bomba likavutwa mara mbili tatu, likatolewa. Tone moja, dogo kama chozi la mjusi, lilidondoshwa juu ya kioo, likasambazwa kwa kioo cha pili, likakaushwa kwa hewa, likapakwa rangi, likatazamwa kwa hadubini. Hakukuwa na kisu wala kitanda wala kufunga siku moja kabla. Enzi za ustaarabu, mtu aliyechomwa asubuhi alikuwa na jibu lake kabla ya adhana ya adhuhuri, akarudi kijijini kwa lori lile lile lililomleta.

Jibu lenyewe lilikuwa jambo zito, maana uvimbe ni mwongo kuliko dalali wa ngamia. Kifua kikuu hukaa shingoni kikajifanya saratani, mtu akaandikiwa wosia wake bure. Saratani nayo hukaa pale pale ikajifanya kifua kikuu, mtu akameza vidonge miezi sita huku anachimbiwa kaburi. Macho ya nje hayafai kitu. Lazima mtu achukue tone kutoka ndani, aliulize lenyewe.

Jadalla alilijua hilo bila kusoma shule yoyote ya maana. Baba yake alikuwa mlinda lango la maji kwenye mfereji, nyakati ambazo maji yalifunguliwa kwa saa na kufungwa kwa saa, na mkulima aliyeiba zamu alitozwa faini hata kama ni shemeji wa sheikh. Siku hizi mifereji imeota magugu, reli imeng'olewa ikauzwa kama chuma chakavu, na mtoto wa mwizi wa zamu ndiye anayesimamia maji. Jadalla aliingia maabara akiwa na miaka kumi na sita, kama mfagiaji. Aliyemwinua kutoka kwenye ufagio ni Daktari Nurein, mtu mrefu, mkali, aliyejifunza kazi ya sindano huko Uswidi, kwenye baridi, kwa watu ambao kazi hiyo waliipa heshima kabla ya wengine wote.

Daktari Nurein hakumpa cheti. Alimpa kiti kando ya hadubini na daftari la shule. Kila alichokiona Jadalla alikichora kwa penseli, na kwa kuwa hakujua majina ya Kilatini, alizipa seli majina yake mwenyewe. Hizi ni punje za dura, mtama wa kwao, zilizomwagika. Huyu ni mjane. Hawa ni ndugu waliogombania nyumba. Mpaka Daktari Nurein anazeeka, madaftari yalikuwa kumi na tisa, na yule mfagiaji aliweza kutazama kioo akataja ugonjwa, wakati mwingine hata kijiji.

Sheria ya Daktari Nurein ilikuwa moja, naye aliirudia kama wengine wanavyorudia bismillahi: mkono uliochoma ndio upake, na jicho la mwenye mkono huo ndilo lisome. "Kioo hakisemi peke yake," alikuwa akimwambia. "Kinamjibu yule aliyemshika mgonjwa. Ukikitazama bila kumgusa mtu, utasoma unachotaka wewe."

Alipofariki walimzika kwa haraka, na viti vyake vikagawanywa kwa haraka zaidi.

Aliyeikalia nafasi yake aliitwa Daktari Muhannad, kijana wa miaka thelathini na minne, kichwa kinang'aa mafuta, amerudi kutoka Malesia na shahada katika fremu ya dhahabu. Alikuwa na maabara yake mwenyewe sokoni, mkabala na wauza maji ya matunda, yenye taa za rangi kama ukumbi wa harusi. Hospitalini alifika saa nne, akaondoka saa sita, na katika saa hizo mbili alibadilisha kila kitu. Kazi ikagawanywa, akaita huko ndiko kuendelea. Daktari mwanafunzi wa zamu anachoma na kusambaza tone kulekule wadini. Jadalla anapaka rangi. Muhannad anasoma, ofisini kwake, penye kiyoyozi, kwenye kioo cha televisheni kilichounganishwa na hadubini. Mtu wa kwanza hamjui wa pili, na wa tatu hamjui mgonjwa. Anayajua yaliyoandikwa kwenye fomu tu.

Kisha likaja tangazo lililobandikwa mlangoni: asiye na shahada haruhusiwi kutoa jibu la kioo.

Jadalla alilisoma akiwa amesimama, mikono nyuma. Hakubishana. Alimwambia mfanyakazi wa jikoni aliyekuwa karibu, "Vema. Wenye macho ya shahada watazame." Siku hiyo alikula kiapo moyoni kwamba kioo ambacho si chake hatakiwekea jicho tena. Zamani hakuna kioo kilichotoka chumbani mwake bila yeye kukipitia. Tangu tangazo lile, alipaka rangi, akapaka vizuri kuliko wote mjini, akakausha, akabandika namba, akakipeleka. Hakutazama hata kimoja. Aliifurahia ile kutotazama. Ilikuwa ni dharau safi, haina kelele, na hakuna aliyeweza kumwadhibu kwa ajili yake.

Sasa, Waswahili wana msemo kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Watu wa uwanda wa Jazira hawahitaji kufundishwa hilo. Wanazungushia mazizi yao matawi ya mgunga, wanatembea pekupeku, na mwiba ukiingia mguuni, ukungu wa udongo huingia nao. Mwaka wa tatu au wa tano mguu unavimba, unatoboka vijitundu, na vijitundu vinatoa punje nyeusi kama habasoda. Kila mtu anaujua ugonjwa wa mwiba. Mama anaujua, kinyozi anaujua, feki, yule mwalimu wa chuo anayeandika kombe, anaujua. Ndipo lilipo kosa lao, kosa ambalo mtu wa nchi nyingine hangelifanya: mguu wowote uliovimba, ukionyesha weusi wowote, basi ni mwiba. Hawauulizi. Wanauamkia kama jamaa.

Asubuhi moja ya Jumatano, mwezi wa joto, mkulima aitwaye Hamadnil alikuja kunywa maji kwenye mitungi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mwembamba, mwenye mdomo wa mzaha, na alitembea huku paja lake la kulia ameliachanisha, kama mtu aliyefunga yai kwenye suruali. Nyuma yake alikuja dada yake Batul, mwanamke wa miaka hamsini na kitu ndani ya tobe ya kijani, lile vazi refu la kujizungushia mwili mzima, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Walikaa kwenye kivuli cha mlango wa Jadalla, kwa sababu ndicho kivuli pekee ambacho hakikuwa na watu.

"Ami, tunaazima kivuli chako," alisema Hamadnil. "Tukimaliza tutakirudisha kikiwa safi."

"Kimalizeni. Hakuna kingine cha bure hapa."

Batul alikuwa na pakiti tupu ya vidonge mkononi. "Tumefuata dawa ya mwiba, kaka Jadalla. Mwezi wa kumi na moja huu anameza. Macho yamekuwa ya njano, chakula hakikai, na mguu unazidi. Daktari anasema dawa haijakomaa."

"Dawa inakomaa kama embe," alisema Hamadnil. "Nami ndiye mti."

Jadalla alitazama mguu. Hakuwa amekusudia. Kisiginoni palikuwa na uvimbe mweusi ukubwa wa nusu ya limau, unyevunyevu, umetoa jimaji kama masizi. Alitafuta vijitundu. Hakuviona. Alitafuta punje za habasoda kwenye kitambaa kilichoufunga. Hapakuwa na punje, palikuwa na doa tu.

"Ulichomwa na mwiba lini?"

"Ami, nani anakumbuka? Mimi nimechomwa na miiba zaidi ya zizi lenyewe."

"Na hapo kwenye kinena, mbona unatembea hivyo?"

"Mtoki tu," alidakia Batul. "Mguu ukiwa na kidonda mtoki lazima. Feki amempa kombe, amekunywa siku saba."

"Wino wa feki ulikuwa mtamu kuliko dawa za hospitali," alisema Hamadnil. "Alitia sukari."

Mtu mwenye akili angewaacha waende zao. Kwa miaka mitatu Jadalla alikuwa mtu mwenye akili wa namna hiyo. Lakini mikono ina kumbukumbu zake. Alimwambia, "Ingia ndani, lala pale," na Hamadnil akaingia, akalala kwenye benchi. Jadalla akanawa, akapapasa kile kinachoitwa mtoki.

Mtoki huuma ukiguswa. Ni laini, una joto, unateleza chini ya kidole. Huu haukuuma hata kidogo. Ulikuwa mgumu kama kokwa la koma, umeshikamana na ulipokaa, na kando yake palikuwa na wa pili unaanza.

"Nitakuchoma kidogo," alisema.

"Wewe si wa kuchoma," alisema Batul kutoka mlangoni. "Mwaka jana alichoma yule kijana mwenye miwani."

"Dada, mwache achome," alisema Hamadnil. "Katika nyumba hii kila mtu amenichoma isipokuwa mpishi."

Sindano iliingia. Jadalla alivuta mara mbili, akahisi vile Daktari Nurein alivyomfundisha kuhisi, ncha inapita kwenye kitu kisicho na nyuzi wala usaha. Kwenye shingo ya bomba lilipanda tone jeusi kama wino wa chuoni. Alilidondosha juu ya kioo, akalifunika kwa kioo cha pili, akavuta.

Hapo ndipo alipojua, kabla ya rangi na kabla ya hadubini. Punje za mwiba ni ngumu. Ukizivuta kati ya vioo viwili zinakwaruza, zinalia kama mchanga kwenye meno, na mwenye mkono anasikia. Ndiyo maana mchomaji sharti awe mpakaji. Kuna jibu jingine linapitia sikioni, na fomu haina mahali pa kuliandika. Kioo cha Hamadnil kilipita kimya, laini, kama kisu kwenye samli.

Alikausha, akapaka rangi, akasubiri dakika zake bila kuziibia. Akavuta hadubini ya zamani, ile ya shaba ambayo Muhannad aliiandika kwenye orodha ya vitu vya kutupwa, akaweka jicho.

Seli zilikuwa kubwa, na kila moja imesimama peke yake, haimsalimu jirani. Tezi ya mtu asiyeumwa ina watu wake wadogo wadogo, wamejaa kama soko la Alhamisi. Hapa wenyeji walikuwa wamefukuzwa. Wageni walikuwa na viini vikubwa, baadhi vikiwa na tundu katikati, na ndani ya miili yao kulikuwa na vumbi jeusi lenye ukijani, laini, limetapakaa. Lilikuwa vumbi tupu, si punje, wala hapakuwa na uzi hata mmoja wa ukungu. Jadalla aliwajua. Walikuwa kwenye daftari la saba, ukurasa wenye doa la chai, na pembeni aliandika zamani zile: *Hawa hutoka kwenye weusi wa ngozi. Huanza kwenye wayo. Hawangoji.*

Ilikuwa saratani. Ilikuwa imekaa kisiginoni ikijifanya mwiba, na sasa imepanda kinenani ikijifanya mtoki.

Aliinuka akaenda kwenye kabati la vioo vya zamani. Masanduku yalikuwa ya tende, ya mbao, yamepangwa kwa miezi, kazi ya mikono yake. Mwezi wa kuvuna dura, mwaka uliopita. Aliipata namba. Kioo kilikuwa kimepakwa rangi vizuri mno, hakina doa, hakina vumbi, na hilo ndilo lililomuuma kwanza. Alikiweka chini ya hadubini.

Walikuwa pale. Walewale, vumbi lilelile, kila mmoja na njia yake. Miezi kumi na moja walikuwa wamekaa katika sanduku lake la tende wakingoja mtu awatazame.

Alikaa. Batul alimwuliza kutoka mlangoni kama amepatwa na kizunguzungu. Alichukua vioo vyote viwili, akatoka.

Muhannad alikuwa ofisini kwake, mlango umefungwa ili baridi isitoke. Jadalla aliingia bila kubisha, akaweka vioo viwili juu ya meza.

"Mzee, nani amekuruhusu kumchoma mgonjwa?"

"Tazama kwanza. Utanifukuza baadaye."

Muhannad aliweka kioo kipya. Picha ilitokea kwenye televisheni yake, kubwa kama mlango. Alikisogeza kioo huku na huku. Shahada yake haikuwa bandia. Alikuwa mvivu tu, na uvivu katika kazi ile unaua kuliko ujinga, maana mjinga huuliza.

"Hii ni saratani ya ngozi," alisema. "Imefika kwenye tezi."

"Hongera. Weka cha pili."

Aliweka cha pili, akasoma namba, akaitambua saini yake kwenye fomu iliyoambatana nacho. Uso wake ukabadilika rangi kidogo.

"Fomu ilisema mwiba," alisema. "Weusi nikauona. Ungekuwa wewe hapa Jazira, mguu mweusi, mkulima, ungeandika nini?"

"Ningemshika mguu."

"Mimi nasoma vioo hamsini kwa siku, mzee."

"Husomi. Unavihesabu."

Muhannad alifunga mlango uliokuwa umefungwa tayari. Sauti yake ilishuka. "Sikiliza, baba. Kioo kipya nitakisomea sasa hivi, nitaandika barua ya Khartoum, apasuliwe wiki hii. Nitampigia simu mpasuaji mimi mwenyewe. Lakini hiki cha zamani kirudishe sandukuni. Kitamsaidia nini mgonjwa sasa?" Akakisukuma kioo upande wa Jadalla. "Na kilipita mkononi mwako pia. Mpakaji wa rangi hana lawama kisheria, najua. Lakini watu watakuuliza, wewe uliyesifiwa mji mzima kwamba unasoma kioo kama msahafu."

Haikuwa hoja ya kipumbavu, na Jadalla alimchukia zaidi kwa hilo. Alisubiri barua iandikwe, akaichukua pamoja na vioo vyake vyote viwili, akatoka.

Alirudi akawaambia Hamadnil na dada yake habari yenyewe, bila kuizungusha. Si mwiba, ni saratani. Mguu ukatwe juu ya goti, na matezi ya kinena yatolewe, tena haraka, Khartoum. Bila hivyo hatafika mavuno.

Hamadnil alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaanza kufunga kitambaa chake mguuni.

"Asante kwa kivuli, ami. Dada, twende."

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Mwaka mzima mmeniambia mwiba. Nimemeza mwiba asubuhi na jioni mpaka nimekuwa njano kama kibuyu. Leo mmeamka mnasema si mwiba, leteni mguu. Kesho mtaamka mnasema si mguu, ni kichwa."

"Baba yetu alikuwa na mwiba," alisema Batul. "Miaka ishirini. Alizikwa na miguu yake miwili. Watu wa mwiba hawakatwi kwa mara moja."

"Si mwiba, Batul."

"Daktari mwenye shahada kaandika mwiba. Wewe unapaka rangi. Umesema mwenyewe, kila mtu anajua."

Basi hapo ndipo dharau zote za miaka mitatu zilipomrudia mlangoni zimevaa tobe ya kijani. Alikuwa amewafundisha watu kumwona mpaka rangi. Wamejifunza. Na mtu anaondoka na kifo chake kinenani kwa sababu wamejifunza vizuri.

Jadalla alisimama mlangoni akauziba. "Kaa kwenye kile kiti," alimwambia Hamadnil. "Dakika kumi. Kisha nenda ukafe upendapo."

Hamadnil alicheka, akakaa, kwa sababu lile ndilo jambo la kwanza hospitalini lililosemwa kwa lugha anayoielewa.

Jadalla alitoa kichupa chenye punje nyeusi za mwiba zilizokaushwa, zilizotoka kwenye mguu wa mtu aliyekwisha pona zamani. Akaziweka kati ya vioo viwili, akampa avute. Vioo vikalia, *krrr*, hata Batul akakunja uso.

"Huyo ni mwiba. Umesikia?"

"Nimesikia."

Alichukua tone la mwisho lililobaki ndani ya sindano yake, akaliweka kati ya vioo vingine. "Huyu ni wewe. Vuta."

Hamadnil alivuta. Hakusikia kitu. Alivuta tena. Mzaha ukamtoka mdomoni polepole.

Jadalla akamketisha kwenye hadubini, akamwonyesha kwanza kioo cha mwiba, bonge jeusi lenye nyuzi limezingirwa na usaha. Kisha kioo cha asubuhi ile. Hamadnil alitazama muda mrefu, jicho moja limefumbwa kwa kidole.

"Hawa hawajuani," alisema. "Kila mmoja amekaa kama mtu aliye kwenye nyumba ya wageni."

"Ndio. Na tazama hiki."

"Ni walewale."

"Hiki ni cha mwaka jana. Cha kisigino chako. Yule kijana mwenye miwani ndiye aliyekuchoma."

Nje mtu alikuwa anachota maji kwa kopo, bati linagonga udongo.

"Nani alikisoma?" aliuliza Hamadnil.

"Muhannad. Alisoma fomu."

"Na wewe? Kilipita kwako?"

"Nilikipaka rangi kwa mikono hii. Hadubini ilikuwa hapo ilipo. Sikutazama."

"Kwa nini?"

Jadalla alikuwa na majibu mengi. Kulikuwa na tangazo mlangoni, kulikuwa na kiapo, na Daktari Nurein yuko kaburini. Yote yalikuwa kweli. "Kwa sababu niliwadharau," alisema. "Nilitaka wakosee. Sikufikiria kwamba watamkosea mtu."

"Ungetazama, ningekatwa mguu siku ile?"

"Ungekatwa kipande cha kisigino. Ungechechemea."

Hamadnil alikiondoa kidole jichoni. Alitazama mguu wake, akautazama ule mwingine. Batul ndiye aliyezungumza, na hakupandisha sauti.

"Kaka Jadalla, yule daktari alikosea. Mtu akikosea tunamwombea Mungu. Wewe hukukosea. Ulikuwa na jibu ndani ya sanduku la tende, ukalikalia."

"Ndivyo."

"Basi." Alivuta tobe yake begani. "Simama, Hamadnil. Barua iko wapi?"

"Unataka wanikate, dada?"

"Huyu mtu amejivua nguo mbele ya mwanamke," alisema Batul. "Hakuna anayejitia aibu namna hii kwa ajili ya uongo. Uongo una faida, hii haina. Twende."

Waliondoka na lori la alasiri. Hamadnil alikatwa mguu Jumatatu iliyofuata, matezi yakatolewa, na mpasuaji alisema walichelewa kwa mwaka lakini hawakuchelewa kwa wiki.

Jadalla hakusifiwa wala hakuadhibiwa. Serikali ile ilikuwa imesahau jinsi ya kufanya lolote kati ya hayo mawili. Tangazo lilibaki mlangoni. Lakini tangu Jumatano ile kila kioo kilichotoka chumbani mwake kilikuwa kimepita kwenye hadubini ya shaba, na kile ambacho fomu yake ilisema uongo kilikuwa na nukta ndogo ya penseli pembeni. Muhannad hakuwahi kuiuliza nukta ile. Alijifanya haioni. Ila vioo vyenye nukta alivisoma mara mbili, na mara moja mwuguzi alimwona akitembea, kwa miguu yake mwenyewe, kwenda wadini kumshika mgonjwa shingo. Habari hiyo ilizunguka hospitali nzima kama habari ya kupatwa kwa jua. Jadalla alipoambiwa alisema, "Ameanza kusoma. Mungu ampe miaka arobaini amalize," kwa sauti ile ile aliyotumia kumtukana, kwa hiyo hakuna aliyejua kama ni sifa.

Hamadnil aliishi mavuno matatu. Kila alipokuja kupimwa alipita mlangoni kwa Jadalla, akiegemea gongo alilojichongea mwenyewe kwa mti wa mgunga, akaazima kivuli.

"Ona, ami," alisema mara ya kwanza, akilinyanyua. "Mwiba wangu huu hapa. Hatimaye nimeupata."

Jadalla alilipokea lile gongo, akalipima uzito, akapitisha kidole mahali miiba ilipopunguzwa kwa kisu. Hakucheka. Alimwuliza kinena kikoje, akampapasa pande zote mbili, taratibu, bila fomu.

Batul alikuwa akifuatana naye siku zote. Aliinamia mitungi, akachota maji, akampa ndugu yake, akanywa naye, akamwaga yaliyobaki kwenye mzizi wa mwarobaini. Kwa mavuno yote matatu, na siku ile ya mwisho alipokuja peke yake kuchukua karatasi ya kifo, alipita mbele ya mlango ule bila kutoa salamu. Jadalla alikuwa akiinuka kila alipopita, akasimama kando ya kiti chake mpaka tobe ya kijani ilipopinda kona ya wadi, ndipo akakaa na kuweka jicho kwenye hadubini.